Orodha ya "programu za lazima": niliisoma yote, na nusu yake niliitupa



Leo sitaandika juu ya kutafuta kazi, wala juu ya udongo na mbegu. Nataka kuhukumu orodha moja, sawa vile mtu anahukumu kitabu. Wengi wenu mumekwisha kuipata kwenye simu: ni PDF ya kurasa nne yenye kichwa "Programu za lazima kwa kila mwenye kompyuta". Ndani yake mna programu 34. Haina jina la mwandishi, haina tarehe, na inazunguka toka fakulte moja hadi nyingine kama noti ya kozi ambayo hakuna anayekumbuka iliandikwa na nani.

Mwezi jana ilinifikia tena, kupitia mdogo wangu mmoja wa mtaa. Alikuja kwetu Katuba na mashini ya okazyo chini ya kwapa: rami giga 4, diski ya zamani yenye kuzunguka pole pole. Alikuwa amebakiwa na majuma matatu tu ili atoe memwari yake, inayohusu bustani za mboga zilizo karibu na udongo wenye mabaki ya shaba hapa pembeni ya Lubumbashi.

— Yaya, unisaidie. Mashini iko mutupu. Uniwekee hizi zote, paka ya mwisho.

— Zote 34?

— Si banasema ni za lazima?

Nikakaa, nikaisoma mstari kwa mstari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisoma kweli, ingawa mimi mwenyewe niliifuata miaka fulani iliyopita na ikanigharimu. Nitasema namna gani.

Kwanza niseme ninapima na kipimo gani. Orodha za namna hii zinapima wingi wa vitu: programu fulani inafanya hiki, na kile, na kile kingine. Mimi napima na maisha yetu. Swali la kwanza: umeme ukikatika saa hii, nitapoteza nini? La pili: itanikulia mega ngapi, siku ya kuiweka na siku zote baadaye? La tatu: kazi niliyofanya ndani yake, mtu mwingine ataweza kuifungua kesho bila kulazimishwa kununua kitu? La nne nililiongeza juu ya yale yaliyonipata: aliyenipa programu hii, yeye aliitoa wapi?

Kosa la kwanza la orodha ni uzee. Mstari wa tatu ni Adobe Flash Player. Programu hiyo ilikufa tarehe 31 Desemba 2020. Adobe wenyewe waliacha kuitunza siku hiyo na wakaomba watu waitoe kwenye mashini zao. Kwa hiyo leo mtu akikuletea "Flash Player mupya", anakuletea kitu kingine kilichovaa nguo za marehemu. Mwandishi angeweka tarehe tu kwenye orodha yake, msomaji angejua mara moja kwamba ana kitu cha zamani mkononi. Ile tarehe isiyokuwepo ndiyo inafanya orodha ionekane kama haizeeki.

Mstari wa tano na wa sita ni antivirusi mbili tofauti, na mwandishi anashauri kuziweka zote "kwa usalama zaidi". Hapa ndipo nilijua kwamba hakuwahi kufanya kazi kwenye mashini ya giga 4. Walinzi wawili wasiojuana, kwenye mlango mmoja, watashikana wao kwa wao, na wewe mwenye nyumba hutapita. Windows 10 na 11 zinakuja tayari na mlinzi wao, Microsoft Defender. Kwa mwanafunzi anatosha, kwa masharti mawili: apate mapya yake, na usimzime. Kama huna mega za kumpa mapya, faili lake unaweza kulipakua kwenye mashini ya mahali penye muunganisho, halafu unalileta na flashi.

Inafuata CCleaner, ambayo ni programu ya kusafisha. Sina ugomvi nayo, lakini historia yake inafundisha. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wake na kuficha virusi ndani ya toleo halali, lile la 5.33, na mashini zaidi ya milioni 2 zikalipokea kabla ya jambo kugunduliwa mwezi wa Septemba. Baadaye ilirekebishwa. Lakini jiulize: programu ya kusafisha inaomba funguo za nyumba nzima, na kazi inayokufanyia ni ipi? Windows iko na kifaa chake cha kusafisha diski. Mashini nyingi zinazoenda pole pole hapa kwetu hazina uchafu. Zina rami kidogo na programu kumi zinazoamka zenyewe asubuhi, na orodha hii inataka kuongeza nyingine 34.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Katika programu 34, kumi na moja zimeandikwa maneno haya pembeni: "pamoja na kraki yake". Office, Photoshop, SPSS, ArcGIS, na nyingine. Mwandishi anaisema kama vile mtu anasema "pamoja na chumvi yake". Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Uzime antivirusi kabla ya kuanza."

Mwaka wangu wa mwisho wa lisansi nililima mahindi kwa ajili ya memwari: mbolea ya kuku na chokaa kwenye udongo wenye asidi, dozi sita, marudio manne, yaani viwanja 24. Mama mmoja alituazima shamba lake. Hakuomba pesa. Aliomba tu nimwambie, mwishoni, dozi gani inafaa, ili asinunue chokaa bure. Vipimo vya mwanzo niliandika kwenye kaye. Lakini wakati wa mavuno nilikuwa nimechoka, mvua ilikuwa inasumbua, nikaandika uzito wa mahindi kwenye karatasi zisizoshikana, usiku nikaingiza kwenye mashini, na karatasi nyingi nikazitupa.

Mashini yangu ilikuwa haina Office. Nikaenda kwenye duka moja mjini, kijana akaniwekea kwa dola tano. Alizima antivirusi mbele ya macho yangu, akacheka kidogo, akasema ni kawaida. Siku chache baadaye nilifungua mashini, mafaili yote yalikuwa yameongezewa herufi nne mwishoni, na hakuna hata moja lililofunguka. Katika kila foldari mlikuwa na barua ya maneno machache: ulipe dola 980, au 490 kama unaandika ndani ya saa 72. Baadaye nilijifunza kwamba ni ukoo wa virusi unaoitwa STOP, au Djvu, na kwamba njia yake kubwa ya kusafiri ni kraki hasa. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifaa cha bure cha kufungua mafaili yaliyofungwa na aina nyingi za ukoo huo. Ya kwangu haikuwa kati yake.

Nilirudia kuingiza kila kitu toka kwenye kaye. Kwa mavuno nilipata karatasi za marudio mawili tu kati ya manne. Siku ya kutetea, mmoja wa jury aliniuliza kwa nini marudio ni mawili. Nikamjibu kwamba sehemu ya mavuno iliharibika shambani. Nilidanganya. Mavuno yalikuwa mazuri sana. Kilichoharibika ni faili, na niliona haya kusema kwamba data ya mwaka mzima iliuawa na kitu nilichonunua dola tano. Na yule mama, nilipokwenda kumshukuru, nilimwambia "inaonekana dozi ya tatu iko nzuri". Inaonekana. Na marudio mawili, sikuweza kusema zaidi ya hapo.

Kwa hiyo sitasema hapa kwamba kraki ni dhambi. Najua bei ya Office na najua bei ya mshahara. Nasema jambo ambalo kila mtu wa agronomia anapaswa kulielewa haraka: hatupandi mbegu ambayo hatujui ilitoka shamba gani. Mtu anayevunja kufuli la programu ya dola mamia na kukupa bure, kazi yake inalipwa na nini? Mara nyingine kweli anafanya kwa kujifurahisha. Mara nyingine malipo yake ni wewe. Orodha nzuri ingemwambia mwanafunzi angalau kwamba kuna hatari hiyo. Hii inamwambia azime antivirusi.

Basi kinachobaki ni nini? Kuna vitu vizuri ndani ya orodha, na vingine havimo kabisa.

LibreOffice imo, lakini imewekwa mstari wa 29, kama kitu cha maskini. Mimi ningeiweka ya kwanza. Ilizaliwa 2010, wakati watengenezaji wengi wa OpenOffice walipotoka na kuunda shirika lao, The Document Foundation. Kuipakua ni kama mega 350 mara moja, halafu inafanya kazi bila intaneti maisha yako yote. Kwa swali la umeme, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya kupakia na kuhifadhi, weka ijihifadhi kila dakika 5 na itengeneze nakala ya akiba. Nimekwisha kukatikiwa umeme katikati ya jedwali mara nyingi. Kubwa nililopoteza ni aya moja.

Lakini tuseme ukweli wote, juu wapenda programu huria nao wana kawaida ya kuficha. LibreOffice inaumia kwenye masahihisho ya direktere. Yeye anaandika kwa Word, anaweka maoni pembeni, anakurudishia. Wewe unafungua, majedwali yametembea, hesabu za milinganyo zimebadilika sura. Dawa ninayotumia: ya kusoma namtumia PDF, ya kusahihisha namtumia docx yenye maandishi matupu, na mpangilio wa mwisho naufanya mwenyewe siku ya mwisho. Herufi za Liberation Serif zina upana sawa na Times New Roman, kwa hiyo kurasa hazihami sana. Inasaidia. Haimalizi tatizo.

VLC, hakuna la kubishana. Ilianza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris waliotaka kuangalia video kwenye mtandao wa shule yao, na tangu 2001 ni huria. Kama mega 40, na inafungua karibu kila kitu. Nawaambia wanafunzi waikumbuke wakati wanasikia kwamba kazi ya wanafunzi haifiki mbali.

WinRAR imo, na inakukumbusha kila siku kwamba siku zako 40 za majaribio zimekwisha. 7-Zip, ya Mrusi Igor Pavlov, tangu 1999 ni ya bure, haifiki mega 2, na inafungua RAR pia. Sielewi kwa nini haimo.

Kwa kusoma PDF, orodha inataka programu nzito yenye kuomba akaunti. SumatraPDF ni ndogo sana, inafunguka kabla hujamaliza kubonyeza, na inakumbuka ukurasa ulioachia. Kasoro yake: si mahali pazuri pa kuandika maoni mengi juu ya maandishi.

Kwa mtandao, Firefox pamoja na uBlock Origin. Hii ni shauri la mega kabla ya kuwa shauri la starehe. Matangazo na video zinazojifungua zenyewe unazilipa wewe, toka kwenye forfe yako. uBlock, iliyoanzishwa 2014 na Raymond Hill, inazizuia kabla hazijashuka. Kwenye Chrome imekwisha kufungiwa njia, kwenye Firefox bado inafanya kazi kamili.

Internet Download Manager imo, na kraki bila shaka. Hapa mwandishi yuko na haki nusu: ni programu nzuri kweli, umeme ukikatika inaendelea pale ilipoachia. Lakini iko na siku 30 za majaribio halali. Panga vitu vyako vizito vyote, ujiandae, uvipakue katika siku hizo.

Sasa upande wetu wa sayansi. SPSS na kraki, orodha inasema. Mimi nasema R. Iliandikwa New Zealand, Auckland, na Ross Ihaka na Robert Gentleman, na toleo lake 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Kwa watu wa shamba iko na kifurushi kinachoitwa agricolae, cha Felipe de Mendiburu wa Peru, ambacho kinakupangia hata viwanja vyako kwa bahati nasibu kabla ya kupanda, na baada ya mavuno kinakufanyia Tukey na LSD. Kitu cha namna hiyo, tena bure, sijakiona mahali pengine. Ubaya wake: R ni kali. Ukisahau mabano moja inakukatalia, na haikuelezi kwa upole. Mwenye majuma mawili tu na hajawahi kuigusa, achukue JASP, ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo iko na menyu za kubonyeza. R atajifunza baadaye, na ajifunze kweli.

Badala ya ArcGIS, QGIS. Ilianzishwa 2002 na Gary Sherman. Hapa nitakuwa mkali kidogo: kuipakua kunapita giga 1, na kwenye mashini ya giga 4 inapumua kwa shida ukifungua picha kubwa za setelaiti. Kata kwanza eneo lako, usifungue Katanga nzima. Lakini ramani inayotoka ni ramani kamili, unaiweka kwenye memwari bila aibu. Tena data zake ziko bure: miinuko ya ardhi ya SRTM, iliyopimwa na chombo cha NASA Februari 2000, kila mita 30, na barabara na mito ya OpenStreetMap. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuulizwa dola 50 na mtu wa kumchorea ramani moja.

Zotero haimo kabisa, na hili ni kosa ambalo halisameheki kwa orodha inayosema ni ya wanafunzi. Ilitoka 2006 katika chuo cha George Mason, Marekani. Inashika marejeo yako, na inajiandikia yenyewe orodha ya mwisho, ndani ya Word au LibreOffice. Tunapoteza siku nzima za mwisho kupanga majina kwa alfabeti na kubishana na direktere juu ya koma.

Halafu kuna vitu vya mtandaoni, ambavyo orodha imevisahau kwa sababu inafikiri kompyuta ni programu tu. Nitataja vitatu.

AGORA ni mlango wa majarida ya kilimo ulioanzishwa na FAO mwaka 2003. Congo yetu iko kati ya nchi ambazo vyuo vyake vinaweza kuingia bila kulipa. Unaingia kupitia chuo kilichojiandikisha, na neno la siri liko kwa bibliotekere. Mimi nilijua jambo hili baada ya kumaliza lisansi. Miaka mitano nilikuwa nasoma muhtasari tu wa makala, nagonga kwenye bei ya dola 35, narudi nyuma. Nendeni muulize bibliotekere wenu. Kama chuo hakijajiandikisha, muulize kwa nini.

Kiwix, iliyoanza 2007, inakuwekea Wikipedia nzima ndani ya mashini, bila intaneti. Ile ya Kifaransa pamoja na picha ni makumi ya giga, lakini kuna zisizo na picha, na ya Kiswahili ni ndogo. Siku ya delestaje ya mji mzima, antena nazo zikizimika, wewe mwenye betri bado unasoma. Hautaiweka kwenye marejeo ya memwari, lakini itakuelekeza uende kutafuta nini.

Internet Archive, tangu 1996, inatunza kurasa zilizofutwa na vitabu vya zamani. Tovuti ya mradi uliokwisha na kufungwa, na miradi kwetu inafungwa kila mwaka, mara nyingi ripoti zake unazipata pale.

Nilipofika hapa, mdogo wangu alinizuia. Na swali lake lilikuwa zuri kuliko orodha yenyewe.

— Yaya, ni bien, nimesikia. Lakini matangazo ya kazi banaandika Word, Excel, SPSS, ArcGIS. Hakuna ya kuandika LibreOffice. Nitasema nini mbele ya babakubwa ba ONG?

Sikumjibu haraka, juu iko na haki. Ni kweli kwamba matangazo yanaandika majina, hayaandiki ujuzi. Mwenye kujua QGIS atafungua ArcGIS na kuelewa ndani ya juma moja, lakini anayechambua CV hajui hivyo, anatafuta neno. Nilimwambia aandike "ramani za kompyuta: QGIS, na misingi ile ile ya ArcGIS", na akitaka mazoezi ya Word na Excel, kuna toleo la bure la kutumia ndani ya kivinjari, halali, kwa mwenye akaunti ya Microsoft. Linakula mega, ndiyo. Na siku atakapoajiriwa, mwajiri ndiye atalipa Office, si yeye. Bado sidhani nilimjibu swali lote. Vyuo vinatufundisha SPSS kwa nakala zilizovunjwa, halafu vinatuuliza heshima ya kisayansi kwenye ukurasa wa kwanza wa memwari. Orodha hii ya kurasa nne haikutunga tabia hiyo. Iliikuta kwa wakubwa.

Kwenye mashini yake niliweka vitu nane: LibreOffice, VLC, 7-Zip, SumatraPDF, Firefox na uBlock yake, Zotero, JASP, na QGIS. Flashi yake ilikuja na virusi ile ya njia za mkato, ile inayoficha mafaili na kuweka ya uongo mahali pake. Msiformati flashi kwa hofu. Defender aisafishe kwanza, halafu kwenye dirisha la amri mnaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E wekeni herufi ya flashi yenu), na mafaili yanarudi kuonekana. Yake yalirudi yote. Ilikuwa sura ya pili ya memwari, na hakuwa na nakala nyingine mahali popote.

Kwa hiyo kitu cha tisa nilichomwekea si programu. Kila jioni faili la memwari linakwenda mahali patatu: kwenye mashini, kwenye flashi inayolala kwa mama yake upande wa Ruashi (anaipeleka kila siku ya posho), na kwenye barua pepe yake mwenyewe, mega mbili tu. Na kaye ya shamba haitupwi. Karatasi za mavuno zinapigwa picha na simu palepale shambani.

Juu ya Windows: mashini yake iko na Windows 10, na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft haiipi tena marekebisho ya kawaida. Mashini yenyewe haina nguvu ya Windows 11. Sikutaka kumbadilishia kila kitu majuma matatu kabla ya kutoa kazi. Akimaliza, tutajaribu Linux Mint, ambayo rami giga 4 inaitosha. Hilo nitawaandikia siku nyingine, pamoja na kasoro zake.

Mafaili yote ya kuweka niko nayo kwenye flashi ya giga 32, niliyapakua usiku, kila moja toka kwa watengenezaji wenyewe. Anayetaka kunakili anikute siku ya posho kwenye mkutano, bila pesa. Lakini swali langu la nne linanihusu mimi pia, kwa hiyo musiniamini bure. Kwenye dirisha la amri andikeni certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256. Itatoka alama ndefu ya herufi na tarakimu. Watengenezaji wengi wanatangaza alama hiyo kwenye tovuti yao, na kuitazama hakuli hata mega moja. Ikiwa ni ile ile, wekeni. Ikiwa ni tofauti hata kwa herufi moja, futeni, na munijulishe kabla sijampa mwingine.